Kifaranga cha Asmahani

Siku Asmahani aliporudi Kasulu kutoka Dar es Salaam, majirani wa mtaa wa maduka ya nguo walitegemea kuona mizigo ya mtu aliyekaa mjini. Yeye alishusha katoni mbili nyepesi na kifaa kimoja alichokipakata kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Mama yake, Bi Asia, alimpokea, akazitazama zile katoni, akamwambia chakula kipo mezani na mengine yatasubiri.

Hayakusubiri. Asmahani hakuwa mtu wa kuahirisha jambo aliloliamini. Huko Dar alikuwa amefanya kazi katika stoo ya duka kubwa la nguo, akaona shehena nzima ikihesabiwa bila nguo hata moja kufunuliwa, na tangu wakati huo alikuwa amejiapia kwamba ujuzi ule utafika kwao. Alilijua duka la mama yake. Kusema kweli yalikuwa maduka mawili: moja la Kasulu, lililokuwa chini ya Bi Asia mwenyewe, na jingine la Kibondo, lililosimamiwa na kaka yake Asmahani aliyeitwa Shamsi. Yote mawili yaliuza vitenge, kanga, mitandio na mashuka, na yote yaliugua ugonjwa mmoja. Mali ilikuwepo, lakini haikuonekana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Bi Asia lilikuwa kichwa chake. Kwa miaka mingi kichwa hicho kilitosha. Angeweza kukuambia kitenge cha maua ya njano kimelalia kipi na kimelaliwa na kipi. Lakini mali iliongezeka, magoti yakaanza kugoma kupanda ngazi ya stoo, na mwaka mmoja kabla Asmahani hajarudi likatokea jambo lililomkaa mama huyu moyoni. Mwanamke mmoja alikuja kutoka Munanila kutafuta sare ya arusi ya binti yake. Alihitaji pisi chache tu za kujazia, za rangi ileile. Bi Asia akamwambia zimekwisha. Mama wa watu akaondoka na rangi nyingine, na siku ya arusi upande mmoja wa wanawake ukasimama kama uliokuja kwenye arusi nyingine. Miezi ikapita. Siku ya kufagia stoo, vile vitenge vikaonekana chini ya mablanketi, na Shamsi naye akakuta vingine kama hivyo kule Kibondo. Kilichomuuma Bi Asia hakikuwa biashara aliyoikosa. Kilichomuuma ni kwamba alimwambia mtu lisilo kweli kwa kinywa anachoswalia.

Basi Asmahani alipofungua katoni zake, alianzia hapo. Ndani mlikuwa na lebo za karatasi, nyembamba, zimeviringishwa kama utepe. Kila lebo ilikuwa na waya mwembamba kama uzi wa buibui, na katikati ya waya kitone cheusi kidogo kuliko punje ya ulezi. Hazikuwa na betri. Kile kifaa kilikuwa mashine ya kusomea, yenye mpini wa kushika kama bastola, nayo iliunganishwa na simu yake.

"Inaona ndani ya mfuko?" Bi Asia aliuliza.

"Haioni, mama. Inaita. Inaita kwa redio, na kila lebo inaitika kwa namba yake. Kama mwalimu anavyoita majina asubuhi."

Bi Asia alimwacha binti yake atundike lebo kwenye vitenge vya shelfu moja, kila pisi na yake, kwa uzi wa plastiki unaopitishwa kwenye pindo. Kesho yake, Asmahani alipokwenda kununua mboga, mama akachomoa mtandio mmoja wenye lebo, akaukunja mara nyingi, akausokomeza ndani ya mto wa kiti chake cha kukalia. Kisha akaketi juu yake. Binti aliporudi, akaambiwa autafute. Asmahani akaishika mashine, akazunguka nayo taratibu. Upande wa mlangoni ilikuwa kimya. Karibu na meza ikaanza kulia, ti, ti, kwa kujivuta, na kadiri alivyosogea kwa mama yake ndivyo mlio ulivyoharakisha, hata ukawa kama kifaranga kilichomwona mama yake.

"Inuka, mama," Asmahani alisema.

Bi Asia akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo mashine ikaitwa Kifaranga, na tangu siku hiyo hakuna kitambaa kilichoingia dukani bila lebo. Walinunua mashine ya pili kwa ajili ya Shamsi. Mteja akinunua, lebo inakatwa, na namba yake inafutwa kwenye simu. Asmahani akiwa Kasulu aliweza kujua Kibondo kuna nini, na wanawake wa Kikongo waliokuja na vibali vyao kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao kwa kitenge hawadanganyiki, walizoea kumwonyesha picha ya ua fulani na kupata jibu kabla hawajaketi. Kuhesabu duka zima, kazi iliyokuwa ikifunga mlango tangu asubuhi mpaka jioni, sasa ilimalizika chai ikiwa bado haijapoa.

Jirani yao wa ukutani, Mzee Nurudini, hakupendezwa. Yeye naye aliuza vitenge na kanga, tena alianza biashara kabla ya Bi Asia. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi, na kila Kifaranga kilipolia alisema kwa wateja wake kwamba siku hizi hata kuku wamefungua duka. Asmahani alimwamkia kila siku kwa adabu, "Shikamoo, baba," na hakumjibu zaidi ya hapo. Aliamini kazi ina mdomo wake.

Ikaja siku ya moto.

Ilikuwa kiangazi, baada ya swala ya adhuhuri, upepo ukishuka kutoka vilimani na kukung'uta vumbi jekundu kwenye mabati. Moto ulianzia duka la magodoro mwanzoni mwa safu. Hakuna aliyejua sawasawa ulivyowaka. Walioona walisema waliona moshi mweusi, kisha mlango mzima ukawa mwekundu. Godoro likishika moto halisemezeki. Katika muda mfupi paa la duka la pili lilikuwa linalialia, na watu wa safu nzima wakaanza kutoa mali.

Siku ile Kasulu ilionyesha ubinadamu wake. Waliokuja kununua waliacha kununua wakabeba. Waendesha bodaboda waliegesha pikipiki wakabeba. Wanafunzi, mama lishe, mafundi cherehani, wote walijipanga, na kila kilichotolewa kilitupwa kwenye uwanja uliokuwa mkabala na soko, juu ya turubai na juu ya majani makavu. Bi Asia alisimama mlangoni akiwakabidhi watu mizigo kwa mkono wake. Asmahani alikuwa ndani ya stoo, kitambaa chenye maji puani, akishusha. Gari la zimamoto lilipofika na kuanza kumwaga maji, vijana walikuwa wamekwisha kung'oa mabati ya chumba kitupu cha katikati ili moto ukose njia. Ukakosa njia. Duka la Bi Asia liliungua upande mmoja wa paa, la Mzee Nurudini likaungua nyuma, na stoo ya Zaitun, mwanamke aliyeuza vyombo vya nyumbani katika lile duka la pili, ikapoteza paa lote. Lakini hakufa mtu, na sehemu kubwa ya mali ilikuwa nje.

Tatizo likawa huko nje. Uwanja mzima ulikuwa rundo moja. Vitenge vya Bi Asia vilikuwa juu ya vya Mzee Nurudini, vya Mzee Nurudini chini ya mashuka ya mtu mwingine, kanga zimechanganyika kama karata. Na wote walinunua kwa wauzaji walewale wa Kariakoo, maua yaleyale, rangi zilezile. Kwanza watu walisaidiana kutenganisha kwa upole. Baadaye upole ukapungua. Mmoja anavuta akisema hiki ni changu, mwenzake anashikilia pindo la pili. Mzee Nurudini alisimama mbele ya fungu kubwa akasema haliguswi, ni lake.

Mwenyekiti wa soko, Felisiani, Muha mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliona jua linakwenda na hasira zinakuja. Akapendekeza kila mfanyabiashara aape kwa kitabu chake, achukue anachokijua ni chake, na kitakachobaki kigawanywe. Wengi waliitikia, "Ego, ego," yaani ndiyo kwa Kiha, kwa kuwa walikuwa wamechoka.

Asmahani alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, uso una masizi, Kifaranga mapajani. Alikuwa amekitoa dukani kabla ya kitu kingine chochote. Akainuka.

"Mwenyekiti," alisema, "kiapo tukiweke akiba. Naomba nianze na fungu letu."

Alikwenda kwenye lile fungu ambalo watu walikubaliana ni la mama yake. Akapitisha mashine, ikalia kwa wingi kama banda la kuku wakati wa kulishwa. Watu wakadhani yamekwisha. Lakini yeye akaanza kuvitoa vitenge kimojakimoja, na kila ambacho hakikuitika akakiweka kando. Bi Asia alimshika mkono kwa siri.

"Hicho ni chetu, mwanangu. Mimi nakijua."

"Hakiitiki, mama. Na uzi wake haupo, hata tundu la uzi halipo."

Bi Asia alikitazama kile kitenge, akakipapasa pindo, akakiachia. Asmahani aliendelea mpaka kando yake kukawa na fungu lisilo dogo. Kisha akalibeba kwa mikono miwili, akalipeleka kwa Mzee Nurudini mbele ya watu wote.

"Baba, hivi vilikuwa kwetu na si vyetu. Sisi hatuna kitenge kisicho na lebo. Viangalie, naamini ni vyako."

Mzee Nurudini aliviangalia. Alichukua muda, akifunua pembe ya kila kimoja, na kwenye baadhi akaikuta alama ya chaki aliyozoea kuichora mwenyewe. Yule mzee alivua kofia, akaifuta vumbi, akaivaa tena.

"Sasa pita kwangu," alisema.

Kifaranga kikalia kwenye fungu lake pia, tena mara nyingi. Kila kilipolia, Mzee Nurudini aliinama mwenyewe, akakitafuta kitambaa chenye lebo, akampa Asmahani kwa mikono miwili. Hakukuwa na kiapo. Asmahani alizunguka uwanja wote, fungu kwa fungu, akitoa vya wengine kwenye vya mama yake na vya mama yake kwenye vya wengine, nao wengine wakagawana vilivyobaki kwa alama zao, na jua lilipokuwa linagusa vilima, watu wa vitambaa walikuwa wanafunga mizigo yao bila kutazamana vibaya.

Kimoja tu kilikosekana. Ilikuwa sandarusi, mfuko wa plastiki uliofumwa, yenye vitenge vya sare ya kwaya. Kwaya ya akina mama ya Muyama ilikuwa na jubilei, na kiongozi wao, Deborah, alikuwa ameagiza vitenge vya buluu vyenye njiwa weupe. Mzigo huo ulitafutwa kwa taabu Kariakoo, ulikuwa umefika wiki ileile, na wenyewe walikuwa waje kuuchukua ili wakashone. Kila pisi ilikuwa na lebo. Asmahani alipita uwanja mzima tena, akapita ndani ya duka lililolowa, akapita hata mitaroni. Simu ilimwonyesha vyote vilivyoitika, na njiwa hawakuwamo.

Bi Asia alikumbuka. Sandarusi ile alikuwa amemkabidhi Esteri.

Esteri alikuwa mwanamke wa kijiji cha Kitanga, aliyeuza ndizi na mihogo ya kuchemsha pembeni ya duka lao. Alikuwa wa kwanza kuacha beseni lake na kuanza kubeba. Sasa hakuna aliyemwona. Mtu mmoja alisema alimwona na sandarusi kichwani, akielekea upande wa barabara. Mwingine akaongeza kwamba alikuwa anakwenda kwa haraka. Wa tatu, ambaye hakuona chochote, akasema njaa haina adabu. Maneno yakaota miguu, na kabla ya isha Esteri alikuwa amekwisha kuwa mwizi katika vinywa vya watu ambao asubuhi walinunua ndizi zake. Bi Asia mwenyewe, akiwa amechoka na macho yanawasha kwa moshi, alisema mbele ya wenzake kwamba ni mkono wake uliompa, na mtu huwezi kujua moyo wa mtu.

Asmahani alisikia, akaanza kuuliza Esteri yuko wapi. Dereva mmoja wa bodaboda akamjibu kwamba yuko hospitali. Yeye ndiye aliyempeleka. Alimkuta amekaa chini nyuma ya maduka, anakohoa hawezi kuvuta pumzi.

Alipofika wodini, muuguzi alimruhusu kumwona mgonjwa lakini akamkataza kumsemesha, kwa kuwa koo lilikuwa limevimba kwa moshi. Esteri alikuwa amelala na barakoa ya hewa usoni. Alipomwona Asmahani, macho yake yalifunguka. Akainua mkono, akachora duara hewani kwa kidole, duara kubwa, kisha akaweka kiganja juu yake kama mtu anayefunika. Asmahani alidhani anaomba maji au beseni, akamwita muuguzi. Esteri akatikisa kichwa, akafumba macho.

Asubuhi yake habari ilikuwa mbaya zaidi. Vijana kadhaa wa soko walikuwa wamejipanga na mgambo kwenda Kitanga kupekua nyumba ya Esteri. Asmahani alikwenda moja kwa moja kwa Felisiani, akamkuta anakunywa chai, hakuketi.

"Mwenyekiti, mwenye nyumba yuko kitandani, hawezi kujitetea. Wakipekua wakakosa, nani atamrudishia heshima yake? Nipe siku ya leo."

Felisiani akakumbuka yaliyotokea uwanjani, akasema siku ya leo ni yake.

Alipotoka hapo, Asmahani alisimama mbele ya ile safu iliyoungua akaanza kuifuata njia ya Esteri kwa mawazo. Alitoka mlangoni na sandarusi. Maji ya zimamoto yalikuwa yanamwagika kila upande. Vitu vyote vilikuwa vinalowa. Mwanamke mwenye akili, mwenye mzigo wa watu kichwani, angefanya nini? Na kwa nini Kifaranga hakikusikia kitu? Hapo ndipo alipolikumbuka somo la kwanza alilofundishwa Dar, siku alipokabidhiwa mashine: maji huyameza mawimbi ya redio, na chuma huyafungia mlango. Lebo ikiwa ndani ya bati lililofunikwa, unaweza kusimama juu yake na usiisikie. Akaona tena kile kidole kikichora duara hewani, na kiganja kikifunika.

Sufuria.

Masufuria yalikuwa ya Zaitun, yaliyorundikwa nyuma ya maduka siku ya moto, palepale alipookotwa Esteri. Na masufuria ya Zaitun hayakuwepo Kasulu tena. Stoo yake ilikuwa haina paa, na Bi Asia, ambaye hakuwa na roho mbaya hata siku aliyokosea, alikuwa amempa chumba cha nyuma cha duka la Kibondo ahifadhi vyombo vyake. Vibarua walivifunga usiku bila kufunua kimoja, na lori lilikuwa limeondoka alfajiri.

Asmahani alimpigia kaka yake. Shamsi alisema vyombo vimefika, vimefungwa kwa kamba na nyavu kama vilivyokuja, na yeye asubuhi hiyo amepita na mashine yake vyumba vyote, kama kawaida, wala hakuona njiwa wala bata. Asmahani akamwambia asiguse hata kamba moja. Vyombo ni vya watu, vitafunguliwa na mwenyewe. Akamfuata Zaitun, akamweleza. Zaitun akafunga mtandio wake, akasema twende, lakini kwa gari gani?

Mzee Nurudini alikuwa anasikiliza mlangoni kwake. Akatoa funguo za pikapu mfukoni.

"Pandeni," alisema.

Njiani hakusema mengi. Waliiacha Kasulu, wakapita mashamba ya maharage yaliyokwisha vunwa na migomba iliyopakwa vumbi, na mzee aliendesha kwa uangalifu wa mtu asiyeliamini gari lake. Karibu na Kibondo ndipo alipofungua kinywa. Alisema jana alikuwa tayari kuapa. Angeapa kwa moyo safi kwamba fungu lote ni lake, kwa kuwa aliamini hivyo, na angekuwa ameapa uongo. Asmahani alimwambia hata mama yake angeapa. Mzee akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana anaendesha.

Shamsi aliwapokea, akamwamkia mzee na Zaitun, akawapeleka chumba cha nyuma huku wateja wawili watatu wakifuata kwa udadisi. Vyombo vilijaa mpaka darini. Mbele yalisimama masufuria makubwa ya shughuli, yale ya kupikia pilau la arusi, yamefunikwa na kufungwa. Asmahani aliwasha Kifaranga akakipitisha mbele yake, juu, pembeni. Kimya.

"Nilikwambia," Shamsi alisema.

"Uliniambia. Dada Zaitun, tukate kamba."

Zaitun akakata. Sufuria la kwanza lilikuwa na vikombe. La pili lilikuwa na sahani zilizofungwa kwa magazeti. Mmoja wa wateja akaguna, Shamsi akaangalia chini. Asmahani hakubadilika uso. Alishika mfuniko wa la tatu, kubwa kuliko yote, akauinua kidogo tu, na Kifaranga kikapiga kelele. Kililia kwa mfululizo, bila kupumua, hata mtoto wa mteja mmoja akaanza kucheka.

Ndani, juu kabisa, palikuwa na kitenge cha zamani kilichofifia, chenye alama ya masizi. Asmahani alikitambua, kila siku alikiona kiunoni mwa Esteri. Chini yake sandarusi ilikuwa imezungushwa vizuri ikakaa kama mikono ilivyoiweka, na ndani yake njiwa weupe walikuwa wakavu, hakuna aliyeguswa na maji wala moshi. Esteri alikuwa amevua kitenge chake mwenyewe akakifanya kifuniko cha kwanza, ndipo akaweka mfuniko wa sufuria.

Mzee Nurudini aliketi juu ya gunia. Zaitun alisema mwanamke yule amemshinda hata yeye mwenye masufuria kwa akili. Shamsi alimwomba dada yake amfundishe tena habari ya chuma na redio, na safari hii aliandika.

Jioni ile Bi Asia alikwenda hospitali. Asmahani alitaka kusema kwa niaba yake, akakatazwa. Esteri alikuwa ameondolewa barakoa, sauti yake ikitoka kama karatasi inayokunjwa. Akina mama wengine wa wodi walikuwa wanasikiliza, na Bi Asia hakupunguza sauti.

"Esteri, jana nilikusema vibaya. Sikukutaja kwa jina la mwizi, lakini nilisema, na watu walinisikia. Nimekuja unisamehe."

Esteri akauliza, "Vililowa?"

"Havikulowa."

"Basi."

Bi Asia akaweka kile kitenge cha zamani, kimefuliwa na kupigwa pasi, juu ya shuka. Kesho yake alisimama sokoni, mahali palepale alipoyasema yale maneno, akasema mengine, na Felisiani akawaita wale vijana waliotaka kwenda Kitanga waje wasikie.

Mapaa yalijengwa upya kabla ya mvua. Kwaya ya Muyama ilishona sare yake, na Deborah alipokuja Kasulu kushukuru alimletea Esteri pisi moja ya njiwa, kwa niaba ya akina mama wote. "Wakoze," Esteri alishukuru kwa Kiha, akaikunja, akaiweka mahali pakavu. Bi Asia alitaka kumwajiri ndani ya duka, kwa kivuli na kiti. Esteri alikataa kwa upole. Alisema ndizi zina wateja wake.

Mzee Nurudini alikuja siku moja asubuhi, kabla ya kufungua, akisukuma toroli la vitenge. Asmahani alimwamkia. Mzee aliitikia, akazunguka maneno kidogo, akataja hali ya hewa, kisha akasema anataka naye vyake viitwe majina. Asmahani alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo. Alikuwa ameagiza lebo za kutosha safu nzima, na kila duka alikuwa amelitengea namba zake, ili siku ya siku, Mungu aepushe, kila mali imwitikie mwenyewe.

"Karibu ndani, baba," alisema. "Leo tuanze na kanga. Nitakuonyesha uzi unavyopitishwa."

Mzee alivua viatu mlangoni, kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe, akavuta kiti, akanyoosha mkono kuomba lebo ya kwanza.